Je, tulipie jukwaa la kusambaza taarifa kwa wanahabari wa Uholanzi?

Swali: "Nafanya kazi kwenye kampuni ndogo ya Barendrecht, karibu na Rotterdam, inayopokea maparachichi kutoka Njombe na Murang'a na kuyauza kwa maduka makubwa ya hapa Uholanzi na Ujerumani. Mwezi Oktoba tunafungua vyumba vipya vya kuivishia. Bosi kanipa mimi kazi ya kutafuta habari magazetini, na tayari kuna muuzaji wa jukwaa la kusambaza taarifa anatusukuma tusaini mkataba wa mwaka mzima. Anasema taarifa yetu itawafikia maelfu ya wanahabari kwa kubofya mara moja, na anatupa na orodha ya anwani juu yake. Tusaini? Na tusiposaini, tufanyeje?"

Jibu:

Msisaini, dada. Au tuseme hivi: mkataba wa mwaka msisaini kabisa, na kingine chochote msikisaini mpaka mjue mnauziwa nini, kwa sababu kwa jina hilohilo la jukwaa huuzwa bidhaa nne zisizofanana, na muuzaji hana haraka ya kuwatenganishia.

Tuanze na hayo maelfu. Anwani zipo, sina ubishi. Lakini ni nani kati ya hao atakayekaa chini aandike habari ya vyumba vya kuivishia maparachichi Barendrecht? Ukihesabu kwa ukarimu, hawajazi Coaster. Wapo wa magazeti ya biashara ya matunda, wawili watatu wa habari za Rotterdam na vitongoji vyake, mmoja anayefuatilia maduka makubwa, mmoja wa bandari na usafirishaji, na pengine mmoja wa dawati la uchumi aliyewahi kugusa Afrika Mashariki. Waliobaki wataifuta bila kuisoma. Baadhi yao wataitia alama ya barua taka, na alama hizo zikirundikana, hata barua za kawaida za kampuni yenu zitaanza kupotelea kwenye folda ya taka za wateja.

Ukisimama mbele ya meza ya magazeti kwenye stesheni ya treni utadhani nchi hii ina wenye magazeti wengi. Hawapo. Nyumba mbili, zote za Ubelgiji, zinashika karibu magazeti yote ya kila siku. DPG Media ina AD, de Volkskrant, Trouw na Het Parool, na chini yake magazeti ya mikoa kama de Gelderlander, BN DeStem, Brabants Dagblad na PZC. Mwaka 2020 ilichukua biashara ya Uholanzi ya Sanoma, kampuni ya habari ya Finland, na pamoja nayo tovuti ya NU.nl, Julai 2025 ikakamilisha kuinunua kampuni ya televisheni ya RTL Nederland. Mediahuis nayo ina De Telegraaf, NRC, De Limburger, magazeti ya Noord-Holland, na ya kaskazini kama Leeuwarder Courant na Dagblad van het Noorden. Nje ya hao wawili kuna Het Financieele Dagblad na redio ya BNR, ambazo ni za nyumba moja, magazeti machache ya Kikristo kama Nederlands Dagblad na Reformatorisch Dagblad, shirika la utangazaji wa umma NOS, na vituo 13 vya redio na televisheni vya mikoa. Chenu ni Rijnmond.

Kwa mtu wa kazi yako, ramani hiyo ina faida kuliko programu yoyote. Magazeti ya mikoa ya DPG hupata kurasa zao za kitaifa kutoka AD, kwa hiyo habari iliyoandikwa na mwandishi mmoja wa AD Rotterdams Dagblad ikipendwa na wakubwa wake huweza kuibukia Arnhem, Breda na Eindhoven bila wewe kumtumia mtu yeyote huko. Kinyume chake, taarifa ileile ikiingia kwa watu arobaini wa nyumba moja kwa dakika moja, hakuna anayejiona ameletewa habari. Kila mmoja anajua mwenzake kaipata, na kila mmoja anamwachia mwenzake.

Sasa hizo bidhaa nne.

Ya kwanza ni mtandao wa shirika la habari. Kwa Uholanzi maana yake ni ANP, shirika lililoanzishwa mwaka 1934, ambalo tajiri wa televisheni John de Mol alilimiliki kwa muda kupitia kampuni yake ya Talpa kabla halijanunuliwa na mwekezaji Chris Oomen mwaka 2021. Shirika jingine lililokuwa likiyahudumia magazeti ya mikoa, GPD, lilifungwa mwishoni mwa 2012, hivyo ANP ndilo linaloonekana kwenye skrini za karibu kila chumba cha habari. Kitengo chake cha kibiashara, ANP Pers Support, hukupitishia taarifa yako kwa malipo. Ya pili ni programu za kuendesha ukurasa wa habari wa kampuni: unapata tovuti ndogo ya kuwekea taarifa na picha, daftari la anwani, na mashine ya kutuma baruapepe. PressPage, pr.co na smart.pr zilizaliwa Amsterdam. Prezly ni ya Leuven, Ubelgiji. Ya tatu ni hifadhidata za majina ya wanahabari, ambazo kampuni za kimataifa kama Cision na Meltwater huziuza pamoja na huduma ya kufuatilia umetajwa wapi. Ya nne ni tovuti ambazo yeyote anabandika taarifa yake, bure au kwa euro chache. Hizo za mwisho nisingezipotezea asubuhi yangu.

Kwa jinsi ulivyoeleza, huyo bwana anawauzia ya pili na ya tatu huku akiongea kana kwamba anauza ya kwanza.

Kuhusu ANP kuna jambo ambalo wateja wengi hulipata baada ya kulipa. Taarifa iliyopita Pers Support huingia kwenye vyumba vya habari na kuonekana hadharani kwenye ANP Persportaal, lakini huingia ikiwa na lebo ya taarifa ya kampuni. Waandishi wa ANP hawakuiandika na hawajaithibitisha. Bosi akisema "tumetoka kwenye ANP", mrekebishe taratibu: mmelipia njia, habari bado. Dawati la uhariri la ANP ni mlango mwingine, haulipiwi, na lina masikio yake. Njia ya kulipia ina thamani pale jambo linapogusa nchi nzima na linahitaji kufika kote kwa wakati mmoja, mathalani kampuni ya chakula inaporudisha bidhaa yenye kasoro kutoka madukani. Vyumba vya kuivishia Barendrecht havijafika huko. Huduma za kuvuka mipaka kama GlobeNewswire na Business Wire msihangaike nazo. Wateja wake wakubwa ni kampuni zilizoorodheshwa sokoni, kama Euronext Amsterdam, ambazo sheria ya Ulaya inazilazimisha kutangaza taarifa nyeti kwa wote kwa pamoja.

Muuzaji atakuonyesha ripoti. Zitakuwa nzuri, zenye rangi. Zisome hivi. Asilimia ya waliofungua barua hupimwa kwa kijipicha kidogo kisichoonekana kilichomo ndani ya barua. Kikipakuliwa, seva huandika "amefungua". Tangu Septemba 2021, ilipotoka iOS 15, mfumo wa simu za iPhone, programu ya barua ya Apple kwa waliowasha ulinzi wake wa faragha hupakua picha hizo yenyewe, mwenye simu awe ameisoma barua au amelala. Kwenye vyumba vya habari vikubwa kuna pia vichujio vya usalama vinavyobofya viungo vyote kukagua virusi kabla mtu hajaiona barua. Kwa hiyo "asilimia 60 wamefungua, 14 wamebofya" inaweza kuwa ni mashine zikisalimiana. Ripoti ya pili itakuwa orodha ya tovuti "zilizochapisha". Fungua tano kati yake. Mara nyingi utakuta kurasa zinazojijaza zenyewe kwa mtambo, hazina hata mhariri. Na akikuambia viungo vya humo vitaipandisha tovuti yenu kwenye Google, mwambie Google ilishaandika zamani kwenye miongozo yake kwamba viungo vilivyopandikizwa kwenye taarifa za kusambazwa ni miongoni mwa mbinu inazozikataa. Kipimo ninachokiamini mimi ni majibu: nani amejibu, nani ameomba picha, nani amepiga simu.

Hiyo orodha ya anwani aliyowapa sasa. Hapo kanyageni breki. Jina la mwandishi na anwani yake ya kazini ni data binafsi chini ya AVG, kanuni ya Ulaya ya ulinzi wa data iliyoanza kutumika 25 Mei 2018. Kumwandikia mtu jambo linalohusu kazi yake kunaweza kuruhusiwa kwa msingi wa maslahi halali, ila kuyaeleza na kuyatetea hayo maslahi ni kazi yenu ninyi mnaotuma. Mwandishi akiuliza mmempata wapi, mnajibu. Akisema asiandikiwe tena, mnaacha siku hiyohiyo. Mamlaka ya data ya Uholanzi, Autoriteit Persoonsgegevens, ilikuwa na msimamo mkali sana hapa: mwaka 2020 ilikitoza chama cha tenisi, KNLTB, faini ya euro 525,000 kwa kuwauzia wadhamini data za wanachama wake. Kesi ilifika Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, nayo tarehe 4 Oktoba 2024 ikasema maslahi ya kibiashara yanaweza kuwa halali, mradi matumizi ya data yawe ya lazima kweli na haki za mhusika zisikanyagwe. Hukumu hiyo inawasaidia mnaoandika kwa kuchagua. Aliyepakia maelfu ya majina aliyopewa bila kujua yalikotoka atapata taabu kuitumia kujitetea.

Juu ya hapo kuna kifungu cha 11.7 cha sheria ya mawasiliano, Telecommunicatiewet, kinachosimamiwa na ACM, mamlaka ya walaji na masoko. Kinadai ridhaa kabla ya kutuma ujumbe wa kibiashara usioombwa, hata kwa kampuni, lakini kinatambua anwani ambayo shirika lenyewe limeitangaza kwa ajili ya kupokea ujumbe wa namna hiyo. Kwa lugha ya mezani: chumba cha habari kikiandika kwenye tovuti yake kwamba taarifa zitumwe kwenye anwani fulani, tumia hiyo bila wasiwasi. Na mkitumia programu yoyote ya kutunza majina, muwe na verwerkersovereenkomst, yaani mkataba wa uchakataji wa data na mwenye programu. Wenye programu makini wanayo tayari. Omba kabla ya kulipa.

Kuna sababu nyingine ya kutoiamini orodha ya kununua: huchakaa haraka. Wanahabari wengi wa Uholanzi ni zzp, wanajiajiri wenyewe. Leo yuko kwenye dawati la chakula, baada ya miezi michache anaandika mambo ya nyumba. Jedwali la mistari ishirini ulilolitengeneza mwenyewe kwa kusoma nani ameandika nini mwaka huu litaishinda hiyo orodha. Andika jina, chombo, habari ya mwisho aliyoiandika inayokaribiana na yenu, na kwa nini yenu itamfaa. Ukishindwa kujaza safu ya mwisho, mfute. Kwenu ningeanza na AGF.nl, ambayo wafanyabiashara wa matunda na mboga hapa huisoma kila siku, na dada yake FreshPlaza kwa wasomaji wa Kiingereza. Kisha Distrifood kwa upande wa maduka makubwa, Nieuwsblad Transport kwa bandari, AD Rotterdams Dagblad, Rijnmond, na gazeti la bure linalotupwa kwenye visanduku vya barua vya Barendrecht. Hilo la bure usilidharau. Diwani na jirani yenu analisoma.

Kisha taarifa yenyewe, maana hapa ndipo fedha za jukwaa huwa zimepotea tayari. Nina hakika rasimu ya bosi inaanza hivi: "Kampuni yetu inajivunia kuzindua kituo cha kisasa cha kuivishia matunda chenye viwango vya juu." Hiyo mhariri wa Kiholanzi haimalizi. Jaribu: "Maparachichi ya Njombe na Murang'a kuivishwa Barendrecht kuanzia Oktoba." Mahali, kitu, wakati. Halafu jibu maswali ambayo mwandishi wa matunda angeuliza akiwa amesimama mlangoni: vyumba vingapi, paleti ngapi kwa wiki, gesi ya ethilini inayoivisha tunda inadhibitiwaje, tunda linakaa humo siku ngapi, maduka gani yanachukua.

Na mna habari nzuri zaidi ambayo nashuku hamjaiona. Tangu mwishoni mwa 2023, kwa sababu ya mashambulizi kwenye Bahari ya Shamu, meli nyingi zimekuwa zikizunguka Rasi ya Tumaini Jema badala ya kupita Suez. Kwa mzigo unaotoka Mombasa au Dar es Salaam hilo linaongeza muda majini, na parachichi lililokawia majini haliivishwi kwa mpango uleule. Kama hilo ndilo lililowasukuma kujenga vyumba vyenu wenyewe, liweke kwenye aya ya kwanza. Kwa Nieuwsblad Transport, ukuta mpya na mashine mpya ni tangazo. Mwagizaji wa Barendrecht anayebadili namna ya kuivisha kwa sababu ya vita vya baharini ni habari. Kama sivyo ilivyokuwa, usiibuni. Hawa watu watauliza tarehe za meli.

Umbo la taarifa ya Kiholanzi ni jepesi. Juu mji na tarehe, aya ya kwanza inayojitegemea, nukuu moja ya mtu halisi anayeongea kama mtu, kisha mstari, na chini yake maneno "Noot voor de redactie (niet voor publicatie)", yaani maelezo kwa wahariri, si ya kuchapishwa. Hapo ndipo unaweka mambo ambayo hayatachapishwa: jina lako, simu ya mkononi inayopokelewa, kiungo cha kupakua picha. Picha ziwe kubwa, za mlalo, rechtenvrij, yaani mwandishi azitumie bila malipo, na jina la mpiga picha liwepo. Chini ya picha ya watu andika majina kuanzia kushoto, v.l.n.r. kama wanavyoandika wao. Maelezo hayo yasipokuwepo, kwenye dawati la mkoa picha huachwa kwa sababu hiyo tu. Maneno yawe ndani ya barua yenyewe, si kwenye PDF. Andikeni Kiholanzi, na tafsiri ya mashine isomwe na Mholanzi kabla haijatoka. Kwa FreshPlaza peke yake pelekeni Kiingereza.

Tumeni kutoka kwenye kikoa chenu wenyewe, yaani anwani zenye jina la kampuni yenu baada ya @. Mwambieni fundi wenu wa kompyuta ahakikishe SPF, DKIM na DMARC, yaani mipangilio inayothibitisha kwamba barua imetoka kweli kwenu, zimewekwa sawasawa, kwa sababu tangu Februari 2024 Google na Yahoo wamekaza masharti kwa watumaji, hasa wa barua nyingi. Kwa watu ishirini huhitaji mashine ya kutuma. Andika kila barua peke yake, sentensi mbili za juu zikimhusu yeye, taarifa chini yake. Ni kazi ya asubuhi moja.

Tarehe ichagueni kwa kalenda ya hapa. Jumanne ya tatu ya Septemba ni Prinsjesdag, siku ya bajeti ya serikali, na wiki hiyo dawati la uchumi halina nafasi ya matunda. Mwanzoni mwa Oktoba watu wa biashara ya matunda, waandishi wao wakiwemo, huwa Madrid kwenye maonyesho ya Fruit Attraction. Ama mfanye kabla, ama muwatafute hukohuko. Halafu kuna likizo ya shule ya Oktoba, ambayo haiangukii wiki moja nchi nzima, kwa hiyo angalieni ya mkoa wenu. Ningekuwa mimi, wiki moja kabla ya ufunguzi ningemwita mwandishi mmoja wa AD Rotterdam aje aone vyumba, kwa makubaliano kwamba ataichapisha siku ya ufunguzi. Makubaliano yawe wazi na yaandikwe kwenye baruapepe. Embargo, yaani sharti la kutochapisha kabla ya muda fulani, uliyoibandika tu juu ya barua bila kumwuliza mtu haimfungi asiyekubali. Wengine wapelekewe asubuhi ya siku yenyewe.

Usipige simu kuuliza "umepata taarifa yetu?" Wanaichukia simu hiyo kuliko taarifa mbaya. Piga kama una kitu kipya cha kumpa: mkulima wa Njombe aliyeko Rotterdam wiki hiyo, au meli inayoshusha kesho. Na akija, mjiandae. Mwandishi wa Kiholanzi atauliza moja kwa moja kuhusu maji yanayotumika shambani na mkulima analipwa kiasi gani kwa kilo, na hataona kwamba amekosa adabu. Bosi asinune. Unaweza kumwomba usome makala kabla haijatoka. Wengi hukubali, ila ni kwa ajili ya kusahihisha makosa ya ukweli, si kubadilisha nukuu ambayo bosi ameijutia.

Jukwaa lina wakati wake. Mkifika mahali mnatoa taarifa kila mwezi, kwa lugha mbili tatu, watu wawili ofisini wakigusa majina yaleyale na picha zikipotea kwenye simu za watu, hapo programu ya aina ya pili inalipa, kwa malipo ya mwezi mwezi. Ombeni kipindi cha majaribio, ingizeni jedwali lenu la watu ishirini, na mwulizeni muuzaji maswali mawili: data zetu zinakaa kwenye seva za nchi gani, na siku tukiondoka tunatoka na majina yetu kwenye faili ya kawaida au tunayaacha? Akianza kuzungukazunguka, endeleeni na jedwali.